Kapibara wa Jamhuri

Norman Kibe ni mtu wa Jamhuri Estate, Nairobi, na nasema hivyo bila kumtusi mtu mwingine yeyote wa Jamhuri. Amekulia katika nyumba yenye ua wa nyasi, mbwa mwenye jina la mtu, na mama anayebisha mlango wa chumba cha mwanawe kabla ya kuingia. Mtu wa namna hiyo hajawahi kung'ang'ania kitu, kwa sababu kila kitu kilimfuata pale alipokaa. Nilimjua aliponijia dukani, na nikamdharau kabla hajamaliza kunisalimia.

Duka ni neno kubwa. Ni kibanda cha vioo, ghorofa ya kwanza ya jengo moja nyuma ya River Road, na mteja mnene akiingia mimi hutoka. Kabla yake nilichuuza soksi kando ya barabara, na barabara ilinifunza kukimbia kwanza, kisha kuuliza tunakimbia nini. Siku hizi nauza vitu vya watoto: shali, chupa, wanasesere. Mwaka huu kinachotoka kuliko vyote ni mnyama fulani wa manyoya ya kahawia, pua bapa kama aliyegonga mlango, macho nusu yamelala, na chungwa la kitambaa limeshonewa kichwani. Wateja wangu wa Kangemi humwita panya wa chungwa. Wale wa Kilimani ndio walionifunza jina lake, kapibara, na wanalitamka kama jina la mtakatifu.

Norman aliletwa na Ciru, binti wa kaka yangu Kiragu. Mama yake Ciru alifariki mtoto akiwa darasa la tatu, kwa hivyo kumsuka, kumchapa na kumnunulia sidiria ya kwanza, yote yalikuwa yangu. Sasa ni mhasibu, anakaa Kilimani kwenye nyumba yenye lifti, na alikuwa amemleta mwanamume ili nimwone.

Mwanamume akamwona kapibara kwanza. Akamshusha kutoka kwenye rafu, akamshika kwa mikono miwili.

"Anti, unajua hapa unauza mwalimu?"

"Mimi nauza panya," nikamwambia. "Mwalimu utampata shule."

Akacheka polepole, kama mtu anayekunja nguo. Kisha akatoa simu anionyeshe. Palikuwa na mto wa huko Amerika ya Kusini, na kundi la wanyama hao wameketi majini hadi shingoni. Mmoja amekaliwa mgongoni na ndege watatu wanaomdonoa. Mwingine anavutwa sikio na nyani. Mamba anapita karibu, naye anatafuna nyasi tu, kama mamba ni jirani anayeenda kazini.

"Ona hiyo," Norman akasema. "Hana beef na mtu. Hakasiriki, hakimbii. Mimi hivyo ndio najifunza kuishi."

"Ukikaliwa na ndege?"

"Nikitulia, anti. Presha inamaliza watu hii Nairobi."

"Hii Nairobi inamaliza mtu aliyetulia katikati ya barabara."

Akacheka tena. Nikamtajia bei ya yule mwanasesere, ile bei ya kichaa ambayo mtu huitaja ili maneno yapate mahali pa kuanzia. Akalipa. Hakusema hata neno moja. Nikamwangalia Ciru, na Ciru akaangalia dari.

Wazazi wa pande zote mbili walipokubaliana juu ya siku ya ruracio, yaani ya kupeleka mahari, Ciru alinijia tena, safari hii peke yake. Alikaa kwenye kigoda changu, akamchukua mwanasesere mmoja, akawa anamfungua na kumfunga ribeni ya shingo.

"Tata," akaniita kwa neno letu la shangazi, "jirani wa juu alimwaga maji ya kudeki kwa balcony. Yakaangukia nguo zangu zote, na zilikuwa zimekauka. Norman alikuwa hapo. Unajua alisema nini?"

"Alisema pole."

"Alisema maji ni maji."

Nikacheka mpaka dada wa kibanda cha pili akachungulia. Ciru hakucheka.

"Na kuna mtu wa ofisini amekuwa akinisumbua. Anataka tutoke. Nikamwambia Norman makusudi, nione. Akaniambia ni vizuri watu wakinipenda, inamaanisha niko na roho safi."

"Mungu wangu. Na hakukuuliza jina la huyo mtu?"

"Aliuliza kama ni mtu mpoa."

Hapo sikucheka. Kuna upumbavu unaochekesha na kuna upumbavu unaotaka mtu akae kitako. Nikamwuliza anamtakia nini sasa, mbona asimwache huko Jamhuri na mbwa wake. Akasema hajawahi kupigiwa kelele na Norman, hajawahi kudanganywa, akiumwa anapikiwa uji. Akasema anampenda. Kisha akasema jambo ambalo lilinikalia kooni kwa siku kadhaa.

"Shida ni moja tu, tata. Sijui kama ananitaka ama hajakataa tu."

"Hilo si jambo dogo."

"Najua. Na asinidanganye na kapibara wake. Nimesoma, mimi. Wale wanatulia kwa sababu wako wengi na kuna mmoja anaangalia. Akiona chui anabweka kama mbwa, na wote wanaruka majini. Madume yakigombania jike yanafukuzana vibaya. Norman amechukua kile kipande cha kuoga peke yake."

Nikamwambia kwamba siku ya ruracio kuna mahali pa kumpima, na kwamba mahali hapo wenzake wote hupita kwa wizi.

Kwetu, wageni wakishafika na kukaribishwa, wasichana na wanawake wa nyumba hufunikwa leso toka utosini hadi miguuni na kupangwa mbele ya bwana. Yeye huambiwa amtoe wake. Akikosea anatozwa faini, kreti ya soda au mbuzi, kutegemea tumeamkaje, na watu wanacheka. Hakuna anayekosea sana, kwa sababu siku hizi kila bibi arusi humpa mtu wake ishara. Mmoja hukohoa, mwingine huacha kidole cha mguu chenye rangi kitokeze. Nilimjua mmoja aliyekuwa na simu chini ya leso na bwana akampigia. Watu wazima wote wanajua, na wote wanajifanya hawajui.

"Usimpe ishara," nikamwambia Ciru. "Akutafute."

Alifunga ribeni ya yule mwanasesere, akamrudisha kwenye rafu. "Na asiponipata?"

"Kukosea si kitu. Mtu anayekutaka hata akikosea utamwona anavyokosea."

"Sawa," akasema. "Akinitafuta, naolewa. Hata akinikosa, bora anitafute. Asiponitafuta, sitoki."

Ruracio ilikuwa Kangemi, kwa Kiragu. Ardhi ile ni ya baba yetu, toka wakati ambapo ng'ombe walilishwa mahali ambapo leo kuna barabara kuu ya Waiyaki Way, na kaka yangu ameizungushia vyumba vya kupangisha ghorofa juu ya ghorofa, akabakiza uwanja katikati kama sahani. Kwa hivyo sherehe yoyote ya Kiragu ina watazamaji ambao hakuwaalika. Wapangaji walikuwa wamejaa kwenye vibaraza kote juu yetu, wengine na sufuria mkononi.

Wageni wakaingia, wakanywa uji, wakasalimiana. Msemaji wao alikuwa Njuguna, mjomba wa Norman, mzee mnene mwenye fimbo aliyeonekana kuwa amewahi kutaka kitu maishani. Norman alivaa shati jeupe la kitani na alikuwa akitabasamia kila mtu, hata kuku.

Mimi ndiye niliyewafunika wanawake. Niliwavua viatu wote, nikawavisha slipa za bluu za aina moja, nikawaambia wapinde mabega. Nikampanga Debra, binamu yake Ciru, mwanzo kabisa. Katikati nikamtia mama yetu mwenyewe, ambaye alikuwa amelia kwamba hajafunikwa leso toka leso yake mwenyewe ilipoibwa. Ciru nikamweka karibu na mwisho.

"Bwana arusi," nikamwita, "njoo utoe mali yako."

Kama ni mtu mwingine, hapa ndipo angeanza vituko. Nimeona wanaume wakipiga magoti kuangalia visigino, wakinusa, wakiimba wimbo ambao mwanamke wao lazima acheke akiusikia. Mmoja alisimama mbele ya mstari na kuanza kutaja majina ya wanawake wengine, akaona leso gani inatetemeka. Norman alitembea hadi kwa yule aliyekuwa karibu na kiti chake, akamgusa bega. Hakwenda hata hatua moja zaidi.

Nikafunua. Debra akamtolea ulimi.

"Faini," wanawake wakasema.

"Hakuna shida," Norman akasema.

Juu, mpangaji mmoja akaegemea ukuta wa kibaraza. "Boss, angalia miguu."

"Ataijuaje miguu na wote wamevaa slipa?" mwingine akamjibu.

"Basi aangalie vile wanapumua. Mimi wangu namjua hata akiwa ndani ya gunia."

"Wako anapumua kama pikipiki, si hata mimi namjua."

Norman akatembea tena, mikono nyuma, kama anayekagua maua. Akasimama mbele ya leso ya katikati. Nilimwona Njuguna akifumba macho. Nikafunua, na mama yetu, ambaye meno yake ya mbele yaliondoka zamani, akamshika Norman mkono kwa nguvu.

"Twende," akamwambia. "Nimekubali."

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Hata mimi, nikiri, nilishika nguzo ya hema. Norman alitabasamu, akampeleka ajuza kwenye kiti, akamtandikia shali magotini. Kila mtu akasema ni kijana mwenye adabu. Kisha yeye mwenyewe akaenda kwenye kiti chake akakaa.

Tukangoja. Wanawake walikuwa bado chini ya leso na jua lilikuwa limepanda juu ya mabati.

"Norman," Njuguna akamwita kwa sauti ya chini. "Bado hujamaliza. Amka."

"Uncle, tulia. Wako naye, si wamemficha tu. Atatoka akiwa tayari."

"Hatoki. Unamtoa. Ndio maana ya hii kitu yote."

"Sasa nianze kushikashika mama za watu? Tungoje. Hakuna mahali anaenda."

Akageukia binti aliyekuwa akipita na birika, akamwomba chai.

Nilimwendea Ciru pale mstarini, nikajifanya narekebisha leso yake.

"Mbona kimya?" akaniuliza kutoka ndani. "Anafanya nini?"

"Amekaa."

"Anafikiria?"

"Anakunywa chai."

Nilisikia akivuta pumzi, kitambaa kikaingia mdomoni na kutoka.

"Pengine anapanga atanipata vipi."

Nikageuka kuangalia. Sikutaka kumdanganya, na pia, nitasema ukweli, ulimi wangu ulikuwa unawasha.

"Sasa anaomba sukari."

Debra akaanza kuchekea kwenye kiganja chake, akaacha. Kisha Ciru akasema, "Turudishe ndani, tata. Kama vile unataka kutupanga upya. Lakini tupitie mbele yake."

Njia ya kuingia nyumbani ilipita kati ya kiti cha Norman na meza ya wazee, mahali pembamba. Nikatangaza kwamba warembo wamechoka na jua, wanakwenda kupumzika kidogo, na aliye na macho ayafungue. Nilisema hivyo mara mbili. Njuguna alinielewa, nikamwona akimgonga Norman mguu kwa fimbo. Norman akausogeza mguu ili fimbo ipate nafasi.

Wakapita mmoja mmoja kama maboga yanayotembea. Wapangaji juu walikuwa wamenyamaza, na hilo kwa Kangemi si jambo la kila siku. Nadhani hata aliyekuwa akikaanga kitunguu alikuwa amezima stovu.

Ciru alipofika mbele ya Norman, alisimama.

Alisimama karibu sana, pindo la leso lilikuwa linagusa goti la Norman. Mwanamke ambaye amemshika mkono, amemlisha, amelala akimwegemea kwenye sinema, alikuwa hapo, pumzi yake inaingia na kutoka kwenye kitambaa chembamba. Kama angeinua mkono tu, si kushika, kuinua tu. Juu, mtu mmoja akasema polepole, kama anayeomba, "Ni huyo, boss. Ni huyo."

Norman aliinua uso. Akatabasamu. Akavuta magoti yake pembeni na kuinua kikombe juu ili chai isimmwagikie mgeni.

"Pita tu, madam," akasema.

Ciru hakusogea.

"Kuna nafasi. Pita."

Akapita.

Ndani alijivua leso mwenyewe, akaikunja, akaketi kwenye kitanda cha baba yake na slipa zake za bluu. Hakulia. Kiragu alipoingia kuuliza kwa nini wageni wanangojeshwa, alimwambia, "Baba, mimi sitoki."

Kaka yangu alinitazama mimi, si yeye. "Virginia, umemfanya nini mtoto?"

"Mimi? Muulize yule anayekunywa chai yako."

"Unafikiri kila kitu ni mchezo. Kuna wazee huko nje. Kuna watu wametoka mbali."

"Wametoka Jamhuri, Kiragu. Hata jasho hawakutoa."

"Tata, nyamaza," Ciru akasema. Kisha akamweleza baba yake, kwa maneno machache, alisimama wapi na akaambiwa nini. Kiragu ni mtu wa kodi na risiti, si mtu wa mapenzi, lakini alisikiliza hadi mwisho. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Alikuambia upite?"

"Mara mbili."

Alitoka. Nikaenda dirishani, nikavuta pazia kidogo, kwa sababu sikuwa nimevumilia jua lote lile ili nikose hii. Kaka yangu alisimama mbele ya wageni, akawaambia chakula kiko tayari na kitaliwa, maana hakuna anayetoka kwake na njaa, lakini shughuli ya leo imeishia hapo. Njuguna akasimama. Wale shangazi wa Norman wakaanza kuulizana. Kiragu akamgeukia Norman.

"Binti yangu alikuja akasimama mbele yako. Ukamwambia apite."

Norman alishusha kikombe. "Ilikuwa yeye?"

"Ilikuwa yeye."

Nilingoja. Nasema hivi bila kuona haya: nilikuwa nimeandaa mzaha, ulikuwa tayari kwenye ulimi, nilikuwa nangoja tu aseme hakuna shida.

Hakusema. Alikaa na mikono magotini. Mjomba wake alimwinamia, akamwambia kitu kwa ukali, akaonyesha mlango wetu kwa fimbo. Mlango ulikuwa wazi. Kati yake na kiti cha Norman palikuwa na kuku mmoja na kamba ya hema.

"Amefanya nini?" Ciru akauliza nyuma yangu.

"Amejua."

"Anasemaje?"

Niliangalia vizuri, kwa sababu mwanzoni nilifikiri ni jasho. Yule mtu alikuwa akilia. Machozi yalimtoka kama ya mtoto aliyepotea sokoni, yakateremka hadi kwenye kola ya lile shati la kitani, na uso wake haukuwa umebadilika hata kidogo. Aliwekewa sahani ya mukimo wa viazi na mbaazi mapajani na akashukuru. Akachota kijiko, mbaazi zikaanguka, asizione.

Mzaha wangu ukaniishia. Anamtaka, nikajiambia. Muda huu wote amekuwa akimtaka, mpumbavu huyu, amekaa juu ya kutaka kwake kama kuku anayetamia jiwe.

"Tata. Nimeuliza anasemaje."

"Analia."

Nilisikia kitanda kikilia, akasimama. Alikuja hadi nyuma ya bega langu lakini hakuchungulia.

"Analia akija?"

"Analia amekaa."

Tukangoja wote wawili. Nilimwona Njuguna akikata tamaa, akaketi na kuanza kula kwa hasira. Juu, mpangaji wa kitunguu akapaza sauti: "Boss, mlango uko wazi." Watu wengine wakamwitikia, wanawake sasa, mlango, mlango, ingia, na sikusikia hata mmoja aliyecheka. Norman aliinua macho kuelekea vibarazani. Akawapungia mkono, kuwatuliza. Kisha akajifuta kwa karatasi ya mezani, akaikunja mara nne, na kumwuliza shangazi yake, kwa upole, kama watarudi wote kwa gari moja.

"Shusha pazia," Ciru akasema.

Nikalishusha.